Chumba cha Mama, Ukuta wa Jikoni

Babati,
6 Machi 2005

Mjomba Mikidadi,

Shikamoo. Mpe na mama shikamoo yangu, umwambie mikono yote miwili. Sisi hapa hatujambo. Mume wangu Abdulsalam yuko dukani tangu asubuhi, vitenge vinatoka vizuri siku hizi kwa sababu wake za maafisa wanashona. Halidi amepanda darasa la tatu, na mdogo wake ameota meno ya mbele yanayomfanya afanane na wewe kabisa. Mahindi yetu kule Mutuka yamechipua. Ya watu wa kando ya ziwa yameliwa na viboko tena.

Mjomba, mji huu ukiuona sasa utapotea. Tangu tufanywe makao makuu ya mkoa, vyumba havipatikani. Kila afisa anayehamia anatafuta pa kulala, hata mabanda yamepakwa chokaa na kupangishwa. Ndiyo maana tunamshukuru Mungu kwa hii ghorofa ya Mzee Konstantini, yule mzee wa Nakwa. Tumeichukua kwa mkataba wa miaka kumi na tano. Chini kuna maduka, juu kuna sisi na jirani yetu Sijaona, mwalimu, ambaye mume wake yuko masomoni. Tunatumia ngazi moja.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Ninataka mama aje akae na mimi. Macho yake yanazidi kufifia, na mimi ndiye binti yake pekee. Tatizo ni chumba. Vyumba vya kulala ni viwili tu, na vimejaa. Ila nimepata akili. Kuna ukuta kati ya jiko na korido. Tukiuvunja, jiko na korido vitakuwa ukumbi mmoja mkubwa, tutakula na kukaa humo humo. Sebule ya sasa itakuwa chumba cha mama. Abdulsalam amekubali.

Msomee mama barua hii, uniambie amesemaje. Naandika kwa kuwa kwenye simu ya kibandani hapo kwako husikii hata nusu ya maneno, unabaki kuitikia tu.

Ni mimi mpwa wako mwenye haraka,
Hadija


Tabora,
2 Aprili 2005

Kwa mpwa wangu Hadija,

Marahaba sana. Barua yako imefika ikiwa imeloa pembe moja, lakini imesomeka. Hapa mvua zinaelekea ukingoni. Mama yako hajambo. Asubuhi anakaa barazani na kuchambua mchele kwa vidole, na hakuna jiwe linalompita. Mimi mgongo unaniuma kidogo, ni uzee wa kukaa, maana tangu nistaafu reli sina kazi ya kunifanya niiname. Miaka miwili sasa tangu Mwanaidi wangu atangulie. Nyumba imezoea.

Umeniambia mengi kuhusu ukuta, ila hukuniambia kama umemwuliza mwenye nao. Wewe ni mpangaji. Hata uwe na mkataba wa miaka kumi na tano, ukuta ni wa Mzee Konstantini. Toa huo mkataba, usome wote, usiishie pale penye jina lako. Sijapata kuona mkataba wa nyumba usiosema neno kuhusu kubomoa.

La pili, nataka ufikirie moshi. Nilipokuwa nasimamia nyumba za wafanyakazi nilikuwa na jirani, Damasi, fundi wa mabehewa. Alikuwa na familia kubwa, akaona korido inapoteza nafasi. Akaondoa ukuta wa jiko bila kumwambia mtu, wakapata ukumbi mzuri, sote tulikwenda kuusifia. Siku moja mchana jiko la mafuta ya taa likalipuka. Mke wake na watoto walikuwa vyumbani. Mlango wa kutokea ulikuwa upande wa pili wa huo ukumbi, yaani ili utoke lazima upite kwenye moto. Damasi aliwatoa kwa dirishani mmoja mmoja, na wa mwisho alimrudia akiwa ameshaungua mikono. Wote walipona, namshukuru Mungu. Lakini Damasi hakushika tena nyundo.

Korido si nafasi iliyopotea, mwanangu. Ni njia ya watu kutoka. Usiguse kitu mpaka uwe umeuliza.

Kuhusu safari, mama yako hajasema kitu.

Mimi mjomba wako,
Mikidadi


Babati,
9 Mei 2005

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Nilisoma barua yako mara mbili. Pole kwa mgongo, nimemwagiza mtu mafuta ya nyonyo, nitakutumia. Habari ya Damasi ilinisikitisha. Nilimsomea na Abdulsalam, akasema watu wa zamani walikuwa na majiko mabovu.

Sisi hatujambo ila watoto wana kikohozi. Ni vumbi tu, litaisha. Sijaona naye anakohoa, nimempelekea tangawizi. Mahindi ya Mutuka yanabeba. Mbaazi nazo si haba.

Mzee Konstantini ni mtu mwema sana, hana neno.

Lakini Mjomba, mama kutosema kitu kumenishangaza. Mama ninayemjua mimi ana neno kwa kila jambo, hata kwa bei ya chumvi ya Arusha. Umemweleza vizuri kwamba ninamwita? Mwambie chumba chake kitakuwa na dirisha la kuelekea mashariki, atapata jua la asubuhi.

Nasubiri jibu lake, la kwake yeye.

Wako,
Hadija


Tabora,
30 Mei 2005

Hadija,

Marahaba. Mafuta ya nyonyo yamefika, Mungu akujalie. Tumejipaka sote wawili, sasa nyumba nzima inanuka kama kinu.

Vumbi la nini, mwezi wa masika?

Mimi nimeishi na mafundi maisha yangu yote. Watoto hawakohoi vumbi wakati mvua inanyesha, isipokuwa ndani ya nyumba kuna tofali linavunjwa. Na mpaka jirani naye anakohoa. Hukunijibu kuhusu mkataba, ukaniambia Mzee Konstantini ni mtu mwema. Sikuuliza wema wake. Niliuliza ruhusa yake.

Niambie ukweli, nami sitakukaripia. Umeshavunja?

Mama yako anakusalimu. Siku hizi ana shughuli nyingi, kuna harusi ya jirani, anawasaidia kuchambua mchele. Nadhani tumwache kwanza apumzike na mambo ya safari.

Mjomba wako


Babati,
26 Juni 2005

Mjomba Mikidadi,

Shikamoo. Kwanza watoto wamepona. Pili, ndiyo, nilivunja. Barua yako ya kwanza ilifika mafundi kutoka Maisaka wakiwa wameshaanza, nikaona aibu kuwasimamisha. Walikuwa wametoa tundu lenye upana wa kupita ng'ombe. Sasa nikueleze yaliyotokea, maana yamenipata makubwa.

Siku ya Jumatano Mzee Konstantini alikuja kuangalia bati la paa linalovuja. Nilisikia fimbo yake kwenye ngazi. Hapakuwa na pa kuficha ukuta, Mjomba. Aliingia, akasimama mbele ya lile tundu, akaniona mimi upande wa pili nimeshika mwiko. Alinisalimia. Nikampa kiti. Akakaa, akangoja chai.

"Mama Halidi," akasema, "hii nyumba nilikupangisha. Ukuta sikukuuzia."

Nikamwambia nataka chumba cha mama yangu. Nikaanza kulia, sikutaka ila ilitokea. Akamwambia Abdulsalam alete mkataba. Akasoma kwa sauti, taratibu, kama anayesoma msahafu wake kanisani: mpangaji hatabomoa, hatajenga wala kubadili ukuta wowote wa ndani bila ruhusa ya maandishi ya mwenye nyumba. Chini yake kuna sahihi yangu na ya Abdulsalam. Akasema kwa haki angeweza kututoa siku ile ile, na maafisa wanaotaka nyumba wapo mlangoni kwake kila asubuhi. Abdulsalam alikuwa ameinamisha kichwa. Mimi niliona masanduku yetu tayari barabarani.

Halafu mzee akasema, "Mimi sijui kama mlichovunja kinabeba kitu au hakibebi. Tutawaita wanaojua, ndipo nitaamua."

Akarudi baada ya wiki na mhandisi wa mji pamoja na afisa wa zimamoto. Afisa huyo ni msichana wa Simanjiro, Naiputa, mrefu, mpole, haongei sana. Mhandisi aligonga gonga juu, akasema ukuta haukubeba zege, hapo tumepona. Nikafurahi. Nikajua yamekwisha.

Naiputa akaniomba sufuria kuukuu na majani mabichi. Akayachoma jikoni kwa uangalizi, moshi ukaanza. Akatuomba tukae vyumbani tuangalie tu. Mjomba, ule moshi haukukaa jikoni hata kidogo. Ulipita kwenye tundu, ukajaa korido, ukafunika milango ya vyumba vyote, ukatoka mlango mkubwa na kuingia kwenye ngazi. Mara tukamsikia Sijaona anaita huko kwake, "Jamani, kuna nini?" Akatoka amembeba mmoja wa pacha wake na mwingine anamvuta mkono, hawaoni ngazi.

Naiputa akafungua madirisha, akazima. Akaniuliza, "Mama Halidi, yule dada akitaka kutoka, atapita wapi?"

Mimi nilikuwa nahesabu ukuta ni baina yangu na jiko langu. Kumbe ulikuwa unamlinda na Sijaona na watoto wake, ambao hata sikuwauliza. Nilikwenda kwake jioni nikamwomba radhi. Akasema, "Nilisikia nyundo, nikadhani umepewa ruhusa."

Uamuzi ni huu. Ukuta urudishwe wote kwa tofali na saruji mpaka dari, kwa gharama yetu. Mlango wa jiko uwe wa mbao nzito, na uwe na bawaba za kuufanya ujifunge wenyewe. Lakini Mzee Konstantini aliuliza kama kuna njia nyingine ya kupata chumba cha mama, yeye mwenyewe aliuliza. Mhandisi akapima sebule, akasema inaweza kugawanywa. Abdulsalam akataka mbao za plaiwudi, rahisi. Naiputa akatikisa kichwa. Tofali nyembamba, akasema, na mlango wa chumba utokee moja kwa moja kwenye korido, karibu na ngazi, maana asiyeona vizuri asiwe na safari ndefu. Safari hii tuna barua ya ruhusa yenye sahihi ya mwenye nyumba na mhuri wa mji.

Sasa nimekujibu. Na wewe unijibu. Rashidi wa vitunguu alipita Tabora mwezi huu, akamsalimia mama barazani. Anasema mama alimwuliza, "Hadija amekasirika na mimi? Mbona haniiti hata kutembea?"

Mjomba, barua zangu unamsomea?

Hadija


Tabora,
7 Agosti 2005

Mpwa wangu,

Amani iwe kwako na kwa nyumba yako. Nimechelewa. Kalamu niliishika mara nyingi nikaiweka.

Nilikuwa namsomea salamu. Nilimsomea habari za meno ya mtoto, za viboko na za mahindi. Nilipofika kwenye kuitwa nilikuwa nakohoa kidogo, kisha naruka mpaka kwenye jina lako. Nilijiambia nasubiri mpaka ukuta ukae sawa, nisimpeleke mtu asiyeona kwenye nyumba ya moshi. Ilikuwa sababu nzuri, na nilikuwa naiamini mchana. Wewe ni mtu mzima, sina haja ya kukuambia sababu nyingine. Unajua nyumba yangu ilivyo tangu Mwanaidi atangulie.

Jumapili iliyopita baada ya kifungua kinywa nilimwambia, "Dada, kaa, nina barua za Hadija." Nikamsomea zote kuanzia ya Machi, bila kukohoa. Alisikiliza huku anachambua mchele. Nilipomaliza nikajua atalia au atanifukuza kwenye nyumba yangu mwenyewe.

Akasema, "Huo ukuta umesharudi?"

"Anasema unajengwa."

"Na wewe umekuwa ukiniambia mtoto wangu ana shughuli."

"Ndiyo, dada."

Akatafuta mkono wangu juu ya mkeka, akaupata. "Mikidadi, tangu tukiwa wadogo ukitaka kitu hukiombi, unakikalia. Nitakwenda kwa mwanangu. Na wewe utanipeleka, si una miguu."

Basi tunakuja. Treni mpaka Dodoma, halafu basi la Kondoa, mama yako apate kusalimia makaburi ya wazee. Tutafika kabla ya Ramadhani. Nitakaa siku chache nirudi.

Nimeona vema ulivyomwendea Sijaona wewe mwenyewe. Mambo ya kuta watu huyamaliza na mwenye nyumba, wanamsahau jirani.

Mjomba wako,
Mikidadi


Babati,
18 Novemba 2005

Mjomba wangu,

Shikamoo, na Idi njema japo imepita. Tangu uondoke mama amekuwa na heshima kubwa hapa. Watu wa maduka yote ya chini wanamwita Bibi. Siku uliyoondoka alikataa kula chakula cha jioni, akasema ameshiba safari. Kesho yake alianza kunielekeza jinsi ya kupika.

Nina habari ambayo sikutaka ikufikie kwa mdomo wa Rashidi. Tulipata moto. Wote ni wazima, nimeanza na hilo.

Ilikuwa Ramadhani, alasiri, nakaanga sambusa za futari. Halidi akaniita nimtazamie kitu, nikageuka, mafuta yakashika moto, na moto ukadaka pazia la dirisha. Abdulsalam alikuwa amerudi kutoka dukani, akakimbilia ndoo ya maji. Nikamshika shati. Naiputa alituambia maji kwenye mafuta yanautawanya moto. Nikamvuta tukatoka sote wawili, mlango wa jiko ukajifunga wenyewe nyuma yetu kwa zile bawaba, nikasikia ukigonga fremu. Kisha kimya. Unajua, Mjomba, ndani moto unawaka na wewe koridoni unaona kila kitu, hata kandambili za watoto.

Nilikimbilia chumbani kwa mama. Hayupo. Nikatoka kwenye ngazi, nikamwona anashuka, mkono mmoja ukutani, wa pili umemshika mdogo wa Halidi, na Halidi mwenyewe ametangulia mbele yao. Pacha wa Sijaona wameshika kanga yake, mmoja huku mmoja kule, na Sijaona mwenyewe yuko nyuma anawahesabu. Mama alikuwa anawaambia, "Taratibu, hatufukuzwi." Alisikia harufu kabla yetu, akabisha mlango wa Sijaona akiwa njiani.

Vijana wa madukani walipanda na mchanga, na Naiputa na wenzake walifika. Walipofungua jiko, moto ulikuwa umekula pazia, rafu moja na sambusa zote, basi. Ukuta umekuwa mweusi upande wa ndani. Upande wa korido hata rangi haikubabuka. Tulifuturu kwa Sijaona, uji na tende, na Abdulsalam hakusema neno kuhusu majiko ya zamani. Alichukua kikombe chake akaenda kukaa kwenye ngazi.

Mzee Konstantini alikuja asubuhi. Aliingia jikoni, akaweka kiganja kwenye tofali lililoungua. Akasema rangi ya jiko atapaka yeye.

Sasa kuna jambo. Mume wa Sijaona amemaliza masomo na amepangiwa Iringa, wanahama wote mwezi wa pili. Tunalia, lakini ni heri. Vyumba vyao vitakuwa wazi, na maafisa wameshaanza kupanga foleni Nakwa. Juzi Mzee Konstantini alikuja akasema hataki afisa, anataka mtu mtulivu anayeelewa nyumba. Akatuuliza kama tunamfahamu yeyote.

Kabla sijafungua mdomo mama akasema, "Nina mdogo wangu. Alikuwa mtu wa reli. Ana mgongo mbovu lakini ni mtu mzuri, ukimwuliza moja kwa moja."

Mzee akasema atamngojea huyo mtu wa reli mpaka mwisho wa Januari. Mama amenikataza nisikubembeleze. Anasema niandike hivi tu: dada yako anakuuliza moja kwa moja.

Hadija


Tabora,
4 Januari 2006

Hadija,

Marahaba. Barua yako ilikaa kwangu wiki tatu, na siku zote hizo nilikuwa nazunguka nyumba hii nikikagua vitu visivyohitaji kukaguliwa. Nilipofika kwenye ule mlango uliojifunga niliweka barua chini, nikatoka nje kidogo. Nilimkumbuka Damasi.

Mwambie dada yangu nimeulizwa moja kwa moja, na jibu ni ndiyo. Naona aibu kidogo kwamba ilibidi aulize yeye.

Mwambie Mzee Konstantini anitayarishie mkataba, nitausoma wote mbele yake. Nyumba ya hapa nimempangisha mwalimu mmoja kijana na mke wake. Jana walikuja kuiangalia, yule binti akasimama sebuleni, akauliza kama wanaweza kuondoa ukuta wa korido. Nikamkaribisha chai. Tulikaa mpaka adhuhuri.

Kuku nimegawa kwa majirani. Vyombo vya Mwanaidi nitakuja navyo, vipo vichache na vizuri, mama yako anavijua. Nauli ninayo. Mgongo utavumilia.

Kitanda nimeshakiuza na mnunuzi amekichukua leo, kwa hiyo hata nikitaka kughairi sina pa kulala.

Mjomba wako, jirani yako,
Mikidadi